Kuvuka Bariere na Mtoto wa Jirani

Mjukuu wangu anataka kupeleka watoto wake Ulaya wakati wa likizo. Anasema safari ya nje inafungua mtoto akili. Nilimwuliza nani amemwambia hivyo, akajibu kwamba kila mtu anajua. Neno ambalo kila mtu analijua mimi huliangalia mara mbili. Shuleni kwa masista nilifika mwaka wa pili tu, lakini nyumba hii ya matofali hapa Rugenge, Uvira, niliijenga kwa ndagala, samaki wadogo wakavu wa ziwani. Sikuijenga kwa maneno ya kila mtu.

Na mimi nilipeleka watoto nchi ya nje, kwa miguu, kabla baba yake huyo mjukuu hajazaliwa.

Zamani za Wabelgiji, Usumbura haikuwa nje. Ilikuwa soko letu. Unajitwika ndagala asubuhi, unapita Kavimvira, unavuka mto Ruzizi, unauza, unarudi. Uhuru ulipofika huku na kule, tukaambiwa kwamba kule ni nchi ya watu wengine, na jina la mji limegeuzwa Bujumbura. Mto ulikuwa uleule na viboko walewale.

Kisha uasi ukashika Uvira. Waasi walipekua mizigo yetu lakini walituacha tupite, kwa sababu nao walitaka sabuni na chumvi za Bujumbura. Wagumu walikuwa askari wa upande wa pili. Kwao kila mwanamke mwenye kapu alikuwa anabeba habari za waasi. Mwenye watoto ndiye aliyepita bila maneno mengi. Thamani ya kusafiri na mtoto wakati ule ilikuwa hiyo: mtoto alikuwa karatasi yako ya njia. Wachuuzi wasio na wadogo wakaanza kuazima wa majirani. Mimi sikuwa na haja ya kuazima, nilikuwa na mvulana wangu wa kwanza, mwenye mdomo na njaa isiyokwisha.

Siku moja jirani yangu, mwanamke wa milima ya Lemera, alinikuta mchangani nikigeuza ndagala juani. Alikuwa karibu kujifungua. Mume wake, karani, alikuwa amekimbilia ng'ambo waasi walipoanza kuwakamata watu wa kalamu, ndipo yeye akashukia kwetu na mtoto wake. Aliniita yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa, na alipoanza hivyo nilijua ana jambo la kuniomba.

"Yaya, wanamuuliza mutoto. Kila akienda kuteka maji, wanamuuliza baba yake iko wapi."

"Anajibu nini?"

"Anasema hajui. Lakini anajua, na uongo sikumufundisha. Iko siku atasema, na wale watatukamata sisi wote. Yaya, pita naye. Baba yake atamupokea Buyenzi, kule Bujumbura."

Nilimtazama. Karani aliyekimbia anaweza kuwa amekimbia waasi, anaweza pia kuwa amekimbia mke. Nilimwuliza wazi. Hakukasirika.

"Kama alinikimbia minye, mutoto wake hakumukimbia."

Nilikubali, lakini sikuacha kushuku. Nilimshuku yeye, nilimshuku mume wake ambaye nilikuwa sijamwona hata siku moja, nilimshuku hata mtoto. Alikuwa msichana wa miaka kama saba, ametunzwa vizuri mno: akipewa kitu anapiga goti na kupokea kwa mikono miwili. Tulitoka watatu, na mwanangu, na njia nzima nilimwambia msichana aniite mama. Alisema ndiyo, lakini hakuniita kitu.

Kwenye bariere ya upande wa pili, pale mti ulipofunga njia, askari alikuwa anakunywa chai. Mbele yetu mchuuzi mmoja alikuwa anarudishwa pamoja na watoto wawili, akapita bila kuniangalia. Askari akanigeukia.

"We mama, hawa wote iko wako?"

"Wangu."

Hakuniuliza tena. Alichukua andazi kwenye sahani yake, moja tu, akamnyooshea msichana. Msichana akapiga goti, akapokea kwa mikono miwili, akasema aksanti. Akalikata katikati, na kipande kikubwa akampa mwanangu. Nikaona askari ameweka kikombe chini. Sikujua anatafuta nini, ila nilijua amekipata.

Mwanangu alikuwa ameshameza chake. Akanyakua na cha msichana.

"Jana ulikula samaki yangu, leo unajifanya mupole mbele ya mukubwa."

Hapo msichana akasahau malezi yote ya mama yake. Walikuwa wamecheza pamoja kwenye mchanga mmoja miezi hiyo yote. Alimng'ata mkono, wakaanguka vumbini wote wawili, andazi likaanguka nao. Nikawainua kwa masikio. Nikamchapa kofi msichana, kisha wangu, kwa nguvu ileile. Askari alicheka mpaka akafuta macho.

"Pita, mama. Watoto wa kuazima wanasema aksanti. Wa tumbo moja wanang'atana."

Nilipita. Neno lile nililiweka kichwani.

Buyenzi tulikaa kwenye baraza ya mwanamke niliyezoea kumuuzia ndagala. Akaja mwanaume mwembamba, ndevu nyingi, shati limechanika bega. Akasema yeye ni baba wa mtoto. Alitaja jina la mke, la mtoto, la kijiji cha wakwe. Mambo hayo hata jasusi anaweza kuyajua, na mji ule ulikuwa umejaa majasusi. Msichana hakumkimbilia. Alijificha nyuma ya kitenge changu na kutazama viatu vya yule mtu.

"We mama, mutoto iko wangu. Nipe."

"Sijakukatalia. Kaa chini kwanza."

Nilinunua andazi kwa mwenye baraza, nikamtia yule mwanaume mkononi.

"Mpe yeye."

"Minye nimekuja kuchukua mutoto, weye unaniletea andazi?"

"Mpe."

Akampa. Msichana akatoka nyuma yangu, akapiga goti, akapokea kwa mikono miwili, akasema aksanti. Hivyo ndivyo alivyompokea askari. Nikaanza kukunja kitenge cha mzigo, maana nilikuwa nimeshaamua: tunarudi naye, na mama yake atafute njia nyingine. Hata kama ile njia nyingine sikuiona.

Mwanaume hakujua kwamba amepimwa na ameshindwa. Alikuwa amechoka, na nadhani alikuwa na njaa. Alinyoosha mkono, akamega pembe ya andazi la mtoto, ile iliyoungua kidogo, akaitia mdomoni.

Msichana akainua kichwa.

"Baba, hiyo ni yangu. Siku zote weye unakula pale panapokauka."

Akamvuta mkono kuangalia kama kimebaki kitu. Alipoona hakuna, akampiga ngumi gotini na kununa, akageukia ukuta. Goti halikupigwa tena, wala aksanti haikusikika. Baba yake ndiye aliyelia. Mimi nilifungua kitenge nikatoa nguo za mtoto.

Tuliporudi kesho yake, mwanangu na mimi, nilikuwa na sabuni kichwani na nimeshiba kiburi. Nilipofika bariere ndipo nilipotambua kwamba sikufikiri. Askari yuleyule. Akatuhesabu.

"Na ule mwingine?"

Nikaona mwanangu anafungua mdomo. Nikamtangulia.

"Amebaki kwa baba yake."

"Na huyu?"

"Huyu baba yake iko Uvira."

Askari akaniangalia juu mpaka chini, polepole. Mimi, niliyefunga ndoa kanisani na kengele zikapigwa.

"Kumbe, mama. Kila mutoto na baba yake, kila baba na nchi yake."

Wenzake wakacheka. Nikajibu kwamba maisha ni magumu. Akainua mti wa njia.

Mke wa karani alivuka baadaye na mtoto wake mchanga mgongoni, hakuulizwa kitu. Mimi niliendelea kupita bariere ile na ndagala zangu, na kila mara yule askari aliniuliza mbele ya watu waume zangu hawajambo. Nilimjibu kwamba hawajambo, wote wawili.