Gari Lisilogoma Gereji

Mama Waya, fundi umeme wa magari, alikuwa na sharti moja: habadilishi kifaa mpaka gari ligome mbele ya macho yake. Sasa gari la mzee mtunza ghala lilikuwa limelala gereji siku tatu, na kila fundi huyu alipolijaribu liliwaka kama jipya.

"Linakuogopa wewe," alisema mzee alipokuja. "Kwangu leo linawaka, kesho linagoma. Nimeshanunua betri mbili na stata."

Mama Waya alisonya. "Chuma hakimwogopi mtu. Ingia uwashe mwenyewe, vilevile unavyowasha kazini."

Mzee akatoa mfukoni kicha cha funguo kizito kama nyundo, akaupokea ufunguo wa gari kwa Mama Waya na kuurudisha humo. Funguo za ghala hakuwahi kumwachia fundi yeyote. Kila mara alichomoa ule mmoja tu akaukabidhi. Akaingia garini, akauchomeka, kicha kikaning'inia, akazungusha. Kimya. Hata taa za dashibodi hazikuwaka.

Mama Waya akaingiza mkono dirishani, akakiinua kicha kwa kidole kimoja. "Zungusha tena."

Gari likanguruma.

"Swichi ya ufunguo imelegea kwa kubeba mzigo huu," alisema. "Sisi mafundi ulituachia gari, ugonjwa ukaondoka nao mfukoni. Kwani una maghala mangapi?"

"Mawili."

"Na hizi funguo nyingine zote?"

Mzee akazipapasa mmojammoja. "Hizi sijui zinafungua nini," alisema polepole. "Ndiyo maana naogopa kuziacha."