Watu Wangu Hawana Pua

Kila ninapoalikwa kuzungumza na vijana wanaotaka kuchora katuni, swali huwa lile lile, na muulizaji huwa yule aliyekaa mstari wa mbele: mbona watu wako hawana pua? Nimeshatoa majibu ya kila aina. Jarida moja la Dar es Salaam niliwaambia kwamba pua inamzuia msomaji asiingie ndani ya mhusika. Wakaichapa sentensi hiyo kwa herufi kubwa. Maana yake siijui mpaka leo, lakini tangu siku ile heshima yangu ilipanda.

Ukweli ni kwamba mimi nilianza kama fundi wa pua. Nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi huko Mugoma, wilayani Ngara, sikujua kuchora mkono wala mguu, na ng'ombe wangu alifanana na kitanda. Ila ukinionyesha mtu mara moja tu, nilimrudisha kwenye karatasi kwa pua yake, na kijiji kizima kikamtambua. Nilimchora katekista. Nilimchora mwalimu mkuu, nikala viboko, huku mwalimu aliyenichapa akigeukia ukutani ili nisione anavyocheka. Baba alikuwa na migomba na mibuni yake, na hakuelewa kwa nini mtu atake kitu kingine zaidi ya hivyo. Aliitazama picha ile akaniuliza kama nimepanga kula pua za watu. Mama alimwambia aniache, nikikua nitaacha. Nikakua, sikuacha.

Nilitaka kitu kimoja: jina langu chini ya hadithi ya katuni, ndani ya jarida linalouzwa dukani. Majarida hayo niliyajulia Lusahunga, ambako madereva wa malori ya njia ya Rusumo walikuwa wakilala. Asubuhi waliacha nyuma maganda ya ndizi, makopo, na kama Mungu amependa, jarida la katuni lisilo na jalada. Nilipomaliza sekondari Biharamulo nilihamia pale pale Lusahunga, nikawa nachora mabango ya hoteli na vinyozi huku nikingoja dunia inigundue. Bango langu la mwisho lilikuwa la bucha. Nilichora ng'ombe, nikajisahau, mkono ukampa ng'ombe pua ya mwenye bucha.

"Huyu ng'ombe ni mimi!" alipiga kelele mbele ya wateja. "Umenichora mimi, na kisu umeniwekea shingoni!"

Wateja walimtazama yeye, wakalitazama bango, wakakubaliana naye bila ubishi. Nikarudi Ngara siku hiyo hiyo, juu ya lori la chumvi.

Nikaikuta Ngara si Ngara. Watu waliokimbia vita na mauaji ng'ambo walikuwa wamevuka daraja la Rusumo wakaijaza milima mpaka nyasi hazionekani, maturubai ya buluu toka huku mpaka kule. Magari meupe yalipishana kwenye barabara ambayo zamani gari moja likipita tulitoka nje kulishangaa. Kila mtu mwenye akili timamu, na wengine wasio nazo, alipata kazi. Mwalimu wangu wa Hisabati aliacha chaki akaenda kulinda ghala la maharage, akawa analipwa vizuri zaidi kwa kutomfundisha mtu yeyote. Mimi nikaambiwa kuna shirika linatafuta mchoraji wa katuni. Nilidhani natapeliwa. Miaka yote nilijiandaa kwenda Dar kuifuata sanaa, kumbe sanaa ilikuwa njiani kuja Ngara na hema lake.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya kuhara. Mama mmoja mwenye ndoo anachemsha maji, jirani yake hachemshi, na katika kisanduku cha mwisho jirani anakimbilia chooni na ameshachelewa. Sikulalamika. Nilimpa mama wa ndoo pua nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora, nikatia sahihi pembeni, tukabandika karatasi kwenye mbao karibu na mabomba ya maji.

Kufika jioni kila ubao ulikuwa na umati. Nilisimama nyuma ya watu nikihesabu vichwa kwa furaha. Halafu nikaona kwamba hakuna anayeangalia ndoo. Walikuwa wanaangalia pua. Walibishana kwa sauti ya chini, kwa lugha iliyo jirani sana na Kihangaza chetu, hivyo sikuhitaji mtu wa kunitafsiria: kwa pua hii, huyu mama ni wa kabila gani, na yule jirani mchafu je? Asubuhi yake kila karatasi ilikuwa na tundu mahali pa pua. Mtu alikuwa amepita na msumari.

Kikaitishwa kikao. Nimekaa vikao vingi maishani, lakini kikao cha pua sijaona mfano wake. Alikuwepo mkuu wetu, mzungu mpole aliyesomea mambo ya mabomba. Walikuwepo wajumbe wa kambi. Na alikuwepo mkalimani wetu, dada mmoja mkimbizi ambaye kwao alikuwa mwalimu. Dada huyu alikuwa na tabia ya kuziba pua kwa ncha ya kitenge kila anapokaa na watu. Nilidhani ni maringo. Kusema kweli nilidhani ananisikia mimi harufu, kwa hiyo nilikuwa naoga asubuhi na jioni na kumchukia katikati.

Wajumbe waliamua pua ipanuliwe. Nikapanua. Wiki iliyofuata wengine wakasema tunawacheka. Nikaipunguza, yakarudi yale ya kwanza. Mkuu akapendekeza mama wa ndoo ajifunike pua kwa kitambaa. Nikamfunika, na kambi ikaelewa kwamba shirika linasema mahema ya upande wa pili yananuka. Nusura watu wapigane mawe kwenye foleni ya maji. Tukakaa tena.

"Ondoa pua," alisema yule dada. Hakuwa amewahi kutoa maoni yake mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kupitisha ya wengine.

"Niondoe nini?"

"Pua, kaka. Zote. Ya mama, ya jirani, za watoto. Acha macho na mdomo."

Nilisimama nikatoa hotuba. Nilisema mtu asiye na pua ni yai. Nilisema mimi ni msanii, na ukiniondolea pua hakuna kinachobaki. Mkuu alingoja nimalize, akasema hilo ni wazo zuri sana, akimaanisha la dada. Na wajumbe, ambao hawakuwahi kukubaliana hata saa ya kuanza kikao, wakakubaliana.

Basi nikachora mayai. Mayai yakapendwa. Haukupita muda mrefu mama wa ndoo akawa maarufu kuliko viongozi wa wilaya. Watoto walimchora mchangani kwa vijiti, na kila mtu alimwona ni wa kwao. Kutoka kwenye kuhara akapandishwa cheo akapelekwa kwenye malaria, kisha kwenye kuni. Tulipopeleka karatasi vijijini Murusagamba, nilimwamkia mzee mmoja shikamoo, akaitikia marahaba, akaikagua karatasi kwa makini, akanirudishia.

"Hawa ni wakimbizi, mwanangu," alisema. "Sisi huku tuna pua."

Baba naye alisema hivyo hivyo, ila kwa maneno nisiyoweza kuyaandika hapa.

Kisha mhariri mmoja wa Dar akaziona zile karatasi mikononi mwa mtu aliyetoka safari ya Ngara, akaniagizia hadithi nzima, yenye jina langu chini, kwa sharti moja: watu wangu wawe vile vile, bila pua. Nilifurahi mpaka nikakosa usingizi, na nilikasirika vile vile. Nilikuwa nimepata nilichokitaka kwa kunyang'anywa nilichokijua.

Nilikuwa bado naichora hadithi hiyo watu walipoambiwa kambi inafungwa, warudi kwao. Barabara ya Rusumo ikajaa tena, safari hii wakielekea upande walikotoka. Yule dada akaja hemani kwangu nikifunga wino na kalamu, akakaa kwenye sanduku, kitenge puani kama kawaida yake.

"Kaka, nichoree mtu," alisema. "Mwenye pua."

"Wewe tena? Wewe uliyezifuta zote?"

Hakucheka.

"Mdogo wangu wa kiume. Baba mmoja, mama mmoja. Mimi nilichukua pua ya baba, yeye akachukua ya mama. Vitambulisho vyetu viliandikwa kabila moja. Lakini kwenye kizuizi cha barabarani hawakusoma karatasi, waliangalia nyuso." Akashusha kitenge, kwa mara ya kwanza mbele yangu. Ilikuwa pua ya kawaida tu, ambayo ungeipita sokoni bila kuikumbuka. "Mimi hii ndiyo iliyonipitisha."

Nilitoa karatasi na penseli, nikaanza na macho, maana macho sikuwa nimeyasahau. Pua ilinitoa jasho. Alikuwa akinielekeza kwa kidole hewani, bila kugusa karatasi: nyembamba zaidi, sasa fupi, hapo mwishoni inuka kidogo, kama mtu anayetaka kucheka darasani na mwalimu yupo. Nilifuta na kuchora mpaka karatasi ikaanza kuchubuka. Ghafla akanishika mkono.

"Acha. Ni yeye."

Aliiangalia mpaka nikaona aibu kuwepo, nikatoka nje kukunja turubai lililokwisha kukunjwa. Niliporudi alinipa ile karatasi.

"Kaa nayo, kaka. Njiani watapekua mizigo, na uso huu..." Hakumalizia. Akapandisha kitenge puani, akaniaga, akashuka barabarani kwa wenzake. Nililia, na hadithi ya mhariri ikachelewa.

Sikumwona tena, wala kusikia habari zake. Picha ninayo. Jina langu limeshachapwa mara nyingi kuliko nilivyoota pale Lusahunga, na wako vijana wanaoniiga, wanachora mayai na kuyaita sanaa. Mimi nimejaribu mara nyingi kurudia pua. Nachora dereva wa lori, nachora muuza ndizi, juzi nilimchora mama mkwe wangu kwa nia mbaya kabisa. Kalamu ikifika katikati ya uso inakuja ile ile, nyembamba, fupi, imeinuka kidogo mwishoni. Basi naifuta, napeleka kazi kwa mhariri, naye ananisifu kwa mtindo.