Njiwa Waliomtangulia Baba

Mahindi makavu yakitikiswa ndani ya kopo la maziwa hutoa sauti ambayo watu wengi huipita bila kugeuka. Mimi hugeuka. Juzi jirani yangu hapa Kasese alikuwa akiwaita kuku wake, nami nikajikuta nimesimama uani na nguo mbichi mkononi, nimekodolea macho anga la magharibi, moyo unanidunda kama wa mtoto. Mtoto huyo ndiye ninayetaka kuwasimulia.

Tulikaa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, juu kidogo ya soko, mahali ambapo kelele za boda boda na za wabadili fedha hazikukoma mpaka giza liingie. Baba alikuwa mchuuzi. Alinunua samaki wa chumvi Hamukungu, akawavusha mpaka hadi Beni, akarudi na vitenge na mafuta ya mawese. Mama alizaliwa huko huko Beni, ndiyo maana Kiswahili cha nyumbani kwetu kilikuwa cha Kikongo, na mimi niliyefundishwa Kiingereza shuleni nilichekwa pande zote mbili.

Samaki walimpa baba chakula, lakini moyo wake ulikuwa kwa njiwa. Si njiwa wa kuliwa, jamani. Hawa walikuwa wa mbio. Unawabeba mbali ndani ya tenga, unawaachilia, nao wanarudi kwao kwa njia wanayoijua wenyewe, na anayetangulia kuingia kibandani ndiye mshindi. Baba alijifunza mchezo huo kwa mjomba wake wa Butembo, na mwaka ule, mimi nikiwa na umri wa miaka kumi hivi, aliwaandaa makinda wake wa kwanza kwa mbio ndefu za kutoka Butembo hadi kwetu.

Kinda haandaliwi kwa pupa. Kwanza anafungiwa mpaka aizoee nyumba yake. Halafu anatolewa jioni akiwa na njaa kidogo, kidogo tu, kwa maana baba alikuwa na msemo wake: "Mwenye kushiba hana haraka ya kurudi kwa mama yake." Kopo likitikiswa anashuka mbio, anasukuma kilango cha vijiti kinachofunguka kuelekea ndani tu, na akishaingia ameingia. Mtikisaji wa kopo nilikuwa mimi, na sikumwachia mtu kazi hiyo.

Kati yao nilikuwa na wangu, jike wa rangi ya majivu aliyetembea kwa maringo huku akikagua kila kitu, kama alivyofanya dada ya baba kila alipokuja kututembelea. Nikamwita Wifi. Mama aliposikia alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akanionya nisilitamke jina hilo siku shangazi akiwepo.

Upande wa Uganda barabara ilikuwa tulivu, kwa hiyo baba alianzia huko. Tuliwaachilia makinda karibu, pale darajani, kisha Kisinga, kisha Kikorongo, kila mara mbali zaidi, hadi tukafika nao Kasese, mimi nimepakiwa kwenye boda boda nyuma ya baba na tenga magotini. Pale Kasese ndipo nilipoanza kuogopa. Makinda walipotoka na kuzunguka juu ya uwanja wa mpira wakitafuta mwelekeo, mwewe alianguka kutoka mawinguni kama jiwe. Sikusikia mlio wowote. Niliona tu kundi limepasuka, na manyoya machache yakishuka polepole juu ya nyasi. Baba aliniwekea mkono kichwani.

"Mbingu haina mulango, Masika," alisema. "Kila mutu anapitamo."

Tangu siku ile, kila tenga lilipofunguliwa, nilitazama kwanza mawinguni nikimtafuta mwewe.

Mbio zenyewe zingetoka upande wa Kongo, na ilibidi makinda waijue njia ya huko. Baba akaamua kwamba safari yake ya samaki ya Beni itakuwa pia safari yao. Mama hakutaka. Nilikuwa nachambua maharage mlangoni, na wao walisahau kwamba nina masikio.

"Ile barabara inakula batu, Baba Masika," mama alisema. "Banjiwa bangoje."

"Samaki haiwezi kungoja. Na kama naenda na samaki, naenda na banjiwa. Nitabaacha asubuhi, saa ya chai beko hapa."

"Banjiwa beko na mabawa. Wewe je?"

Baba alicheka, lakini cheko lilikuwa fupi. Akaondoka alasiri hiyo na magunia yake, tenga juu, Wifi akichungulia katikati ya fito. Aliniachia agizo moja: nisikose kutikisa kopo.

Asubuhi ilinikuta uani. Saa ya chai ikafika, ikapita. Nilitikisa kopo mpaka mkono ukafa ganzi, na juu hapakuwa na kitu ila korongo wala mizoga waliokwenda zao machinjioni. Kuelekea mchana watu wakaanza kupanda kutoka mpakani. Niliwaona wanawake wenye magodoro vichwani na watoto mgongoni, na mzee mmoja aliyebeba mashine ya kushonea tu. Walisema malori yamepigwa risasi kwenye njia ya Beni. Mama akapiga simu ya baba. Yule mwanamke wa ndani ya simu akasema hapatikani, kwa sauti tamu, kana kwamba anatukaribisha mezani. Mama akapiga tena, akapiga tena, kisha akaiweka simu kifuani na kuanza kufagia uwanja ambao alikuwa ameshaufagia.

Jua lilikuwa limeshuka kiasi nilipomwona Wifi. Hakuzunguka juu ya paa kama kawaida yake. Alikuja chini chini, akajitupa kwenye ubao wa kibanda, akakaa hapo mdomo wazi, anahema. Nikapanda ngazi nikamshika. Kifua chake kilikuwa kimegandamana. Ilikuwa damu, imekauka, kifuani na chini ya bawa. Nikampuliza manyoya nikitafuta jeraha, kama baba alivyonifundisha. Nikatafuta shingoni, miguuni, mgongoni. Hakuwa na jeraha hata la mwiba.

Sijawahi kuwa na woga kama ule, kabla wala baadaye. Haukunifanya nipige kelele. Ulinishika shingoni kwa mkono wa baridi na kuniambia nisimwambie mtu. Nilimchukua Wifi nyuma ya jiko, nikamwosha ndani ya karai, taratibu, nikimwomba Mungu kwa Lhukonzo, lugha ya kabila letu, kwa kuwa nilidhani hiyo ndiyo lugha anayoisikia haraka. Maji yakageuka rangi. Nikayamwaga shinani mwa mgomba, nikafunika kwa udongo, kisha nikaenda kwa mama.

"Wifi amerudi."

"Eko muzima?"

"Eko muzima."

Mama alinitazama mikono, akatazama uso wangu, akanivuta akanikumbatia kwa nguvu hadi nikashindwa kupumua.

Kesho yake makinda wengine walifika mmoja mmoja, baadhi hawakufika kabisa, na sisi tukashuka mpakani. Askari alituzuia kwa bunduki iliyolala mkononi.

"Simama hapo! Rudi nyuma, mama!"

"Afande, natafuta bwana yangu. Ni mutu wa samaki."

"Wote hapa wanatafuta. Kaa chini."

Tukakaa chini, kwenye vumbi, tukitazama nyuso zikivuka. Nilikuwa nimeshachoka kutazama mama aliposimama ghafla. Baba alikuwa akitembea katikati ya watu, peku, bila gunia wala tenga, shati lake limekauka na kuwa jeusi mbele. Nililikimbilia lile shati. Lilinuka chuma na moshi, nami nililing'ang'ania.

Alituhadithia nyumbani, kwa maneno machache. Lori lao lilipigwa risasi alfajiri, kabla hawajafika Beni. Waliokuwa ndani walikimbilia kwenye shamba la kakao, naye akakimbia na tenga kwa sababu mkono wake haukujua kuliacha. Walilala kifudifudi, na wale watu wenye bunduki walipita karibu, na njiwa wakaanza kulia. Mwenzake mmoja akamnong'oneza awanyonge. Hakuweza. Akafungua kilango cha tenga, akawatoa mmoja mmoja kwa mkono, akiwaomba kimoyomoyo wapae bila kupiga bawa kwa nguvu.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kwa utulivu:

"Ile damu ya kwa Wifi, ilikuwa ya nani?"

Nikashtuka. Kumbe alijua. Baba akatazama viganja vyake.

"Ya mutu mwingine. Nilikuwa nabonyeza kidonda yake, kisha nikafungua tenga na ile mikono. Damu haikusimama."

Niliruka kwa furaha! Niwaambie ukweli, niliruka na kupiga makofi. Damu haikuwa ya baba. Mama hakuruka. Aliketi kwenye kinu, akajifunika uso kwa kitenge, akalia kilio ambacho hakuwa amekilia siku zile mbili zote. Nilimshangaa. Nilidhani hakusikia vizuri.

Baba hakupeleka njiwa kwenye mbio za Butembo mwaka ule. Njia ilipotulia, alikwenda Beni na gunia la samaki bora kuliko wote, na mama alikuwa amewachagua kwa mkono wake. Alirudi bila gunia na bila bidhaa yoyote. Nikamuuliza amemwuzia nani.

"Niliacha kwa batu ya ule mutu wa kidonda," alisema. "Beko na mutoto mwanamuke, kimo chako. Alikuwa angali anakaa kwenye mulango."

Swali langu la pili lilikuwa kama huyo mtoto anafuga njiwa. Baba alisema hapana, akatoka nje.

Ilinichukua miaka kuelewa mama alilia nini. Habari iliyofika kwetu kifuani mwa Wifi haikuwa yetu. Ilikuwa ya nyumba nyingine, na mtoto wa kimo changu alikuwa bado anaitazama barabara wakati mimi napiga makofi.