Ukoo wa Dobi

Mji wetu uko pembeni ya jiji, na ni mdogo kiasi kwamba ukipitiwa na usingizi ndani ya basi, unaamka umeshaupita. Alfajiri unamwagika wote barabarani, manesi, walinzi, makarani na mafundi, kwenda kulitumikia jiji. Jioni unarudi umechoka, unakula, unalala. Mchana wanabaki wastaafu, watoto, kuku na Dobi. Usimuulize mtu wa hapa kwao ni wapi kama una haraka, maana kila mmoja ametoka kwao, na kwao ni mbali.

Dobi mwenyewe alikuja kijana, na pasi ya mkaa mkononi. Leo ana pasi za umeme, kibanda cha mbao, mke, na binti mmoja tu, mboni ya jicho lake. Mji mzima unapita mikononi mwake. Sura za watu humpotea, lakini nguo hasahau. Atasalimiwa njiani akaduwaa, mpaka macho yashuke kwenye kola, ndipo uso umkunjuke: "Kumbe ni wewe, shati la mistari! Za nyumbani?"

Basi binti akapata mchumba, na mshenga akapiga simu kupanga siku ya wakwe kuja. Akauliza kwa adabu upande wa binti watakuwa wangapi, wasije wakawazidi wenyeji. Ndugu wa Dobi wametawanyika huko mbali, wa mkewe wametangulia mbele ya haki. Jibu la kweli lilikuwa watatu. Lakini aibu ilimkaba, akajisikia anasema, "Aa, sisi ukoo wetu mkubwa. Kama ishirini hivi."

Mdomo huponza kichwa.

"Ishirini?" mkewe alimuuliza. "Utawatoa wapi, utawapiga pasi?"

"Sasa wakitukuta tumekaa watatu kama tunamsubiri daktari, si watasema mtoto hana kwao? Watamchukuaje mtu asiye na kwao?"

Binti akainuka, akaingia chumbani. Hilo ndilo lililomuuma Dobi kuliko yote.

Wiki ile mikono haikuwa yake. Akaunguza kola ya sare ya nesi mmoja, mteja wake wa siku nyingi. Nesi alipokuja kuichukua akaitazama, akamtazama na yeye. "Una nini wewe? Hujawahi kuniunguzia hata soksi." Dobi akamwaga yote. Nesi alicheka mpaka akakalia fungu la mashuka ya watu.

"Jumamosi saa ngapi?" akauliza.

"Saa nne asubuhi."

Akachukua sare yake, akaenda zake. Dobi akajua sasa ameumbuka, habari zitafika hadi sokoni. Na kweli zilifika, Mungu ambariki mama yule.

Jumamosi, kabla ya saa nne, uani kwa Dobi hapakuwa na pa kuweka mguu. Alikuja mama wa duka la dawa. Akaja fundi bomba na mkewe, mwalimu mstaafu, mlinzi wa benki aliyetoka lindoni macho mekundu, na wengine wengi, kila mtu na nguo aliyoipiga pasi Dobi kwa mkono wake. Nesi akawagawia undugu pale pale mlangoni: "Wewe shangazi. Wewe baba mdogo. Wewe unaongea sana, kaa nyuma."

Wakwe wakaja, nao wamejaa. Salamu zikaenda vizuri, utambulisho ukaenda vizuri, mpaka baba wa mchumba alipouliza kwa wema tu, wazee wa ukoo huu wamelala wapi.

"Mlimani," akasema mlinzi.

"Kando ya ziwa," akasema mwalimu, wakati ule ule.

Wakwe wakatazamana. Dobi akasimama.

"Wazee wangu, njia ya mwongo ni fupi. Hawa si ndugu zangu, ni watu ninaowafulia nguo. Hapa nina mke na mtoto, basi. Kama mmeudhika, kosa ni langu. Binti msimhesabie."

Baba wa mchumba akageuka kuwatazama watu wake. Akajifuta jasho.

"Huyu niliyesema ni kaka yangu mkubwa," akasema polepole, "ni mwenye nyumba wangu. Na yule shangazi ananiuzia mkaa. Tulipoambiwa nyie ni ishirini, tuliomba watu mtaa mzima."

Kicheko kilichotoka pale kilifukuza kuku wote. Ikabidi utambulisho uanze upya, safari hii wa kweli, na posa ikapokelewa katikati ya vicheko.

Dobi akasimama tena awashukuru watu wake. Alikuwa na mengi moyoni. Akasema, "Mimi jamani," machozi yakamtangulia.

Nesi akamvuta shati. "Kaa chini, kaka, chakula kinapoa."

Hapakuwa tena na mtu wa kudanganywa pale, na bado alimwita kaka.