Njia ya Baiskeli Inayopita Getini Kwangu

Jumamosi ya tatu baada ya kumzika kaka yangu, watu wanne wenye baiskeli waligonga geti langu wakasema yeye ndiye aliyewatuma.

"Ametuambia tuje tunywe maji," alisema dada aliyesimama karibu na geti.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilikuwa nakunja pindo la sketi ya shule, pini zimejaa mdomoni. Nikazitema kiganjani moja moja, nisije nikameza hata moja kwa mshtuko.

"Amewaambia lini?"

Yule dada akavua kofia yake ngumu. Jasho likamtiririka hadi kidevuni.

"Kabla," alisema. "Kabla hajatuacha. Pole sana, dada."

Nikawafungulia. Ningefanyaje?

Kwanza niwaeleze kaka yangu alikuwa nani, maana msipomjua yeye, hayo maji hamtayaelewa.

Alikuwa fundi baiskeli. Wateja walimwita Spoku, kama ule waya wa gurudumu, kwa sababu alikuwa mwembamba, mrefu, na ukimgonga kidogo analia. Hakuoa. Akiulizwa alisema baiskeli zina wivu.

Karakana yake ilikuwa mjini, chini bondeni. Mimi nakaa juu, mlima unapoishia, nyumba ya mwisho kabla lami haijawa vumbi. Mume wangu alinijengea hapa, na alipofariki nikabaki na cherehani yangu na ukimya.

Huku kwetu si milima ya theluji. Ni milima ya kadiri, ile inayokupa moyo ukiwa chini na kukutoa machozi ukiwa katikati. Barabara zinajikunja, misonobari huku, korongo kule, halafu ghafla unaona bonde lote na mto unang'aa kama utepe.

Kaka alizijua barabara hizo zote kwa miguu yake. Waendesha baiskeli walikuwa wanatoka mbali kuja kumuuliza wapite wapi, naye aliwapa njia kutoka kwenye daftari lake, daftari la mistari lililofungwa kwa kipande cha tyubu.

Hakuandika kilomita. Aliandika pumzi.

"Hapa pumzi arobaini, weka gia nyepesi. Hapa upepo wa ubavuni, kaza mikono. Hapa simama, geuka, tazama ulikotoka."

Nilimuuliza siku moja kwa nini asipime kama watu wengine.

"Kilomita ni mwongo, mdogo wangu. Ya mteremko na ya mlima zina jina moja, lakini si ndugu."

Kwa miaka mitano, kila Jumamosi, alipanda kuja kwangu. Saa nne kamili. Anaegemeza baiskeli ukutani, anakunywa chai vikombe viwili, anatia cherehani yangu mafuta yale yale ya mnyororo wa baiskeli, ananitania, anashuka.

Sketi za nusu ya wanafunzi wa huku zilinuka mafuta ya baiskeli. Hakuna mama aliyewahi kulalamika.

Halafu Jumamosi moja alifika saa sita.

Chai ilishapoa. Aliketi kwenye kiti changu cha kushonea, shati limemganda mgongoni. Alipopata sauti alisema, "Mdogo wangu, hamia mjini. Nyuma ya karakana kuna chumba. Kina dirisha kubwa, utaona vizuri ukishona."

Mimi na hii nyumba! Nilihisi kama ameniambia nimzike mume wangu mara ya pili.

"Nani amekulalamikia?" nikamuuliza.

"Hakuna aliyelalamika. Nasema tu ni mbali."

"Miaka mitano haikuwa mbali, leo ndiyo mbali? Sema tu umezeeka. Sema mlima umekushinda."

Alicheka. Macho hayakucheka.

"Mlima huu? Huu nitaupanda hata nikibaki na mguu mmoja."

"Haya, tutaona. Na usije ukaniletea aibu ya kuja kwa pikipiki kama mgonjwa. Ukishindwa kupanda, kaa huko huko."

Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu huu. Nusu utani, nusu hasira, na mnajua ile nusu ya pili ndiyo mtu huondoka nayo.

Jumamosi iliyofuata hakuja.

Saa nne na dakika kumi simu ikalia, ujumbe: "Nimebanwa na kazi, mdogo wangu."

Nikajibu: "Sawa."

Jumamosi ya pili, ujumbe ule ule. "Sawa." Ya tatu, ule ule. Chai napika, chai namwaga.

Nikajua amenuna. Kaka mtu mzima, ananuna kama mtoto wa chekechea! Nikasema moyoni, na mimi sishuki, nione nani ataanza.

Hivyo ndivyo zilivyopita Jumamosi tisa. Ujumbe wa tisa ulipoingia, hata ile "sawa" sikuiandika. Niliugeuza uso wa simu ukatazama meza.

Jumanne yake, mwenye duka la rangi jirani na karakana akanipigia. Walimkuta ameketi kwenye kigoda chake, gurudumu mapajani, mkono bado umeshika spoku.

Moyo, walisema. Ghafla.

Msibani watu walinishangaa. Nililia kidogo kuliko walivyotarajia. Hawakujua kwamba nilikuwa nimebeba swali moja zito kuliko jeneza: kaka yangu amekufa akiwa amenikasirikia?

Na swali la namna hiyo utamuuliza nani? Mwenye jibu ndiye huyo mnayemfukia.

Sasa turudi getini.

Wale wanne walikunywa maji mitungi miwili. Yule dada aliyewasemea ni mwalimu wa hesabu. Wenzake wanamwita Kobe, maana hufika wa mwisho, lakini hajawahi kurudi njiani.

"Hii Kwa Dada ni noma," alisema mmoja, amejilaza chali kwenye sakafu ya baraza langu. "Miguu yangu imeandika barua ya kuacha kazi."

"Kwa Dada?" nikauliza.

Wakatazamana.

"Ndiyo jina la mlima huu," Kobe alisema. "Sisi wote tunauita hivyo. Kumbe hukujua? Spoku ndiye aliyeupa. Mimi nilimwambia, fundi, bondeni kuna njia tambarare ya kwenda huko huko, kwa nini utupandishe huku? Akasema baiskeli isiyopanda ni toroli."

Nikacheka. Mara ya kwanza tangu mazishi.

"Akasema kila Jumamosi tupite hapa saa nne," Kobe akaendelea. "Kundi moja likishindwa, lingine lije. Akasema, gongeni geti, ombeni maji. Ni mkali, lakini msimwogope, maji yake ni baridi."

Nikajifanya naenda kujaza mtungi.

Niliporudi alikuwa ametoa kitu mfukoni, kimefungwa kwa kipande cha tyubu.

"Alinipa wiki ya mwisho nilinakili kwa mwandiko unaosomeka. Nimemaliza. Nadhani hili ni lako sasa, dada."

Nililishika lile daftari. Linanuka cherehani yangu.

"Kuna ukurasa mmoja tu sikuuelewa, nikauruka," Kobe alisema. "Ule wa mwisho. Nilidhani ni vituo vya kupumzikia, lakini havina pumzi, vina tarehe tu."

Walishuka. Nikawasikia wakipiga kelele za furaha kwenye kona, breki zikilia.

Nikaketi kwenye kiti cha kushonea nikafungua ukurasa wa mwisho.

Juu kaandika: Kwa Dada. Chini yake, mistari tisa.

Tarehe 4, Tangi.
Tarehe 11, Tangi.
Tarehe 18, Kona ya juu.
Tarehe 25, Misonobari.
Tarehe 2, Machimbo.
Tarehe 9, Machimbo.
Tarehe 16, Kona ya kwanza.
Tarehe 23, Daraja.
Tarehe 30, Mlangoni.

Mimi si mwalimu wa hesabu. Lakini hizo tarehe nilikuwa nazijua. Nilichukua simu nikafungua ujumbe wake, mmoja baada ya mwingine.

Tarehe 4, nimebanwa na kazi. Tarehe 11, nimebanwa na kazi. Zote tisa zilikuwa zile zile. Saa nne na dakika kumi, saa nne na dakika tano, saa nne na robo.

Kaka yangu hakuwa karakanani alipoandika ule ujumbe.

Alikuwa njiani kuja kwangu.

Kila Jumamosi alipanda baiskeli akaja hadi moyo ulipomwambia basi. Akaketi kando ya barabara, akaandika alipofika, akanidanganya kwamba ana kazi, akageuza. Na kila wiki mlima ulimrudisha kutoka chini zaidi. Kwenye tangi. Kwenye misonobari. Kwenye machimbo ya mawe. Darajani, kabla hata kupanda hakujaanza.

Ile ya mwisho, Mlangoni, haikuwa mlango wangu. Ilikuwa mlango wa karakana yake. Aliitoa baiskeli nje, na hapo ndipo alipofika.

Angekuja kwa pikipiki. Mtu yeyote angemleta. Lakini mimi ndiye niliyemwambia asije kama mgonjwa.

Mnajua tangi la maji liko wapi? Liko hatua mia tatu kutoka dirisha langu. Ninapokaa kushona naliona lote, na ukuta wake, na kivuli chake.

Ile tarehe 4, chai ilipopoa, nilivuta pazia kwa hasira. Nilisema sitaki kuitazama barabara ya mtu asiyekuja.

Ningeliacha wazi ningemwona. Ningemwona amekaa kivulini, ameshika kifua, anabonyeza simu. Ningemkimbilia bila viatu.

Na wiki iliyofuata alirudi pale pale, pazia langu bado limefungwa.

Niliviacha vitambaa mezani nikatoka. Niliteremka kwa miguu, tangi, kona, misonobari, machimbo. Pale machimbo kuna jiwe moja bapa, na juu yake doa jeusi la mafuta ya mnyororo. Nililiwekea kiganja. Nikakaa hapo mpaka lori la mawe likanipigia honi.

Swali langu lilijibiwa, ndugu zangu. Hakuwa amenikasirikia. Hata alipojua miguu yake haitafika tena, alitengeneza njia ili miguu ya wengine inifikie. Lakini msidhani jibu limepunguza kitu. Siku zile nilikuwa nalia kwa sababu hakuja. Sasa nalia kwa sababu alikuja.

Pazia lile nimelikata nikashona kifuko cha pini.

Kobe na wenzake bado wanapita, na wengine nisiowajua. Ila maji siku hizi hawayapati getini. Nayateremsha mwenyewe hadi kwenye tangi kabla ya saa nne, na chupa ya chai, na kigoda. Atakayeishia hapo kwa kukosa pumzi atanikuta.

Nimeandika haya nisije nikasahau, na kama una mtu wako anayekwambia kila wiki kwamba amebanwa, basi yakufae na wewe.

Mimi mtu asipofika kwangu, siulizi tena kwa nini hakuja.

Nauliza ameishia wapi, nimfuate.