Vigae Vyenye Njaa

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani, na hakuwahi kununua kitambaa bila kukifinya, kukivuta na kukinusa. Kwa hiyo alipoamua kuweka vigae sebuleni, sisi wanawe tulimwonea huruma muuzaji.

Sababu ilikuwa Baba. Tangu augue kiharusi, mguu wake wa kushoto ulikuwa unaburuzika, na sakafu yetu ya saruji ilijaa nyufa za kumkwaza. Hakuweza kufika hata mlangoni bila kushikwa mkono, naye ni mtu anayeona aibu kushikwa. Mama alitaka atembee mwenyewe.

Dukani aliingia na chupa ya maji ya sabuni mkobani. Muuzaji alituonyesha vigae vinavyong'aa mpaka unaona meno yako. Mama akalaza kimoja chini, akakimwagia maji yake.

"Mama, hivi ni vya sebuleni, si vya bafuni."

"Kwangu watu huingia na miguu ya mvua, mwanangu. Hebu kanyaga."

Muuzaji akakanyaga kwa kujiamini. Mara tukamwona yuko chini.

"Umeanguka," Mama akasema.

"Sijaanguka, Mama. Nimekaa."

"Basi ukimaliza kukaa, niletee vile vinavyokwaruza kidogo."

Kumpata fundi ilikuwa kazi nyingine. Kila aliyesifiwa, Mama aliomba kuonyeshwa nyumba aliyoijengea sakafu, akaenda na mwiko wa mbao. Alipiga magoti kwenye sebule za watu asiowajua, akagonga kigae kimoja kimoja huku ametega sikio. Kikilia kama debe tupu, ujue saruji haikujaa chini yake, na siku moja kitapasuka.

"Hiki kina njaa," alisema mbele ya wenye nyumba, wakati wao wakituandalia chai. Mara nyingi tuliondoka kabla chai haijafika.

Mwishowe tulipata fundi mmoja mnene, mpole, ambaye sakafu zake zote zilishiba. Alimaliza sebule yetu, akatuonya tusiikanyage mpaka arudi kesho yake. Aliporudi akakuta kigae cha katikati kimezama upande.

"Nani amepita hapa?"

"Labda paka," Baba akasema kutoka kitini.

"Paka gani, mzee, anayesahau mwiko?"

Kweli, mwiko ulikuwa umelala pale pale. Mama akatazama dari.

"Nilitaka kujua kama kimeshiba."

"Kilikuwa bado kinakula, Mama."

Fundi akakibandua, akakilaza upya, akauweka mwiko kwenye mfuko wa vifaa vyake. Alisema ataurudisha sakafu ikikauka.

Mwezi uliopita tulimzika Mama. Siku hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri, na waombolezaji waliingia na maji na matope mpaka sakafu yote ikalowa. Jeneza lilipoinuliwa, Baba akasimama. Tulinyoosha mikono, akaikataa. Akaanza kulifuata, mguu wake ukiburuzika, kigae baada ya kigae.

Fundi alikuwa amesimama kando ya mlango. Watu wote walikuwa wakitazama jeneza; yeye alitazama miguu ya Baba. Mzee alipovuka kizingiti, nikamsikia fundi akimshukuru Mungu polepole, nami nikaitikia amina.