Nilihamisha Matawi ya Mzee Breki

Mimi ndiye. Nianze na hilo kabla sijaanza kujitetea, maana najijua, nikipewa nafasi nitajitetea mpaka nyote mnionee huruma. Sistahili. Niliyoyafanya niliyafanya kwa mikono yangu miwili, asubuhi, nikiwa na akili timamu, na wakati nayafanya nilikuwa natabasamu.

Naishi upande wa mlimani, huku Uluguru chini chini, mahali ambapo gari hufika likijisikia. Kazi yangu iko Kihonda, kwenye karakana ya kushona sare za shule. Tulikuwa watu watano tunaoteremka kila asubuhi kwa baiskeli mpaka tukute lami, tupite Msamvu, twende zetu kazini.

Kiangazi hiyo safari si kitu. Shida ni masika na ile baridi inayokuja nyuma yake. Ukungu unashuka huoni hata tairi lako la mbele. Vidole vinakufa ganzi kwenye breki. Udongo mwekundu unateleza kama sabuni, na njia iliyokuwa nzuri jana leo imeliwa na maji.

Kuna mahali njia inagawanyika. Ya juu inazunguka nyuma ya shule, ndefu, ina kilima cha kukutoa roho. Ya bondeni ni fupi, inavuka kijito kwa kidaraja cha magogo. Siku nyingine ya juu ndiyo mbaya, kuna lori limenasa au mti umelala. Siku nyingine ni ya bondeni. Huwezi kujua mpaka mtu atangulie aone.

Aliyetangulia siku zote alikuwa mzee mmoja ambaye nitamwita Mzee Breki, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyokuwa tunamwita kwa mapenzi. Yeye ndiye aliyekuwa na funguo za karakana. Ukimwamkia shikamoo anaitikia marahaba huku ameshainama kukagua breki zako. "Hizi zimekwisha, mwanangu. Unataka kuolewa na mtaro?"

Akifika pale njia panda, anateremka, anakagua huku, anakagua kule. Halafu anachomoa panga kwenye keria, anakata matawi ya mkaratusi na kuyalaza kwenye njia mbaya, kama madereva wanavyofanya gari linapowaharibikia barabarani. Sisi tukija nyuma tunaona matawi, tunapita upande wa pili. Hakuna aliyeuliza. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuuliza!

Sasa niwaambie kuhusu Zai. Si jina lake.

Zai alikuwa rafiki yangu. Masika ya mwaka juzi, tukiwa tunakokota baiskeli jioni kurudi mlimani, mvua ikitunyeshea, nilimwambia jambo ambalo hata mama yangu halijui lote. Nilimwambia mimba zangu mbili zilivyoharibika. Nilimwambia na majina niliyokuwa nimeyachagua. Alisimamisha baiskeli yake, akanikumbatia pale pale kwenye tope, tukalia wote wawili.

Basi mwaka huu, siku moja mchana, tumekaa kwa mama lishe tunakula. Msichana mmoja wa kwenye vifungo akatutangazia kuwa ni mjamzito. Kila mtu hongera, hongera. Na mimi nikasema hongera, kwa moyo mweupe kabisa.

Zai akapaza sauti. "Itunze vizuri hiyo, mdogo wangu. Usimwige huyu. Huyu tumbo lake ni stendi ya Msamvu, abiria hawalali, wanapita tu!"

Jamani, watu walicheka! Mmoja alicheka mpaka maharage yakamtoka puani. Na mimi nilicheka, sijui kwa nini, mdomo ulicheka wenyewe. Kuanzia siku ile kazini nikawa naitwa Stendi. "Stendi, niazime mkasi." "Stendi, umeona uzi mweusi?"

Nilikaa na hasira ile wiki tatu. Nilikuwa naifua, naianika, naikunja, kesho yake naivaa tena. Nilimwazia Zai mambo ambayo nikiyaandika hapa hamtaamini kuwa mimi ni mtu wa ibada. Kila nikisikia "Stendi" nilikuwa namtazama yeye, si aliyeita.

Nilitaka aanguke. Sikutaka afe, Mungu ni shahidi wangu. Nilitaka aanguke kwenye tope na zile nguo zake za kupigwa pasi, afike kazini anatiririka, watu wamcheke mpaka maharage yawatoke puani, naye wamtafutie jina. Jina baya. Likae naye mpaka azeeke.

Alhamisi moja nikapata nafasi. Wenzetu wawili walipangiwa kuingia mchana, kwa hiyo asubuhi ile tulikuwa watatu tu: Mzee Breki mbele, mimi, halafu Zai nyuma, maana yeye siku zote ni mtu wa kuchelewa. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Ukungu mzito, baridi ya kukata masikio.

Nikafika njia panda. Matawi yalikuwa yamelazwa kwenye njia ya bondeni. Yamewekwa vizuri, matatu, majani yakitutazama sisi tunaokuja. Mzee alikuwa ameshapita zake juu.

Nilisimama labda kwa muda wa kufunga kamba ya kiatu. Halafu nikaegesha baiskeli, nikayabeba yale matawi moja moja, maji yakiniingia kwenye mikono ya sweta, nikayalaza kwenye njia ya juu. Nikayapanga kama yeye anavyoyapanga. Nikapita pembeni ya matawi nikakokota baiskeli mpaka nyuma ya ukuta wa shule, nikasimama pale kusubiri.

Nisikilizeni vizuri. Mimi sikujua kule bondeni kuna nini. Matawi hukwambia usipite, hayakwambii kwa nini. Nilidhani ni utelezi tu! Nilidhani ni tope!

Nikamsikia anakuja. Zai huimba akiteremka kwenye ukungu, maana anaogopa ukimya. Kengele yake ikalia pale njia panda, kisha kukawa kimya. Anasoma matawi. Halafu nikamsikia anasema kwa sauti, kama ilivyokuwa desturi yake, "Asante Mzee wangu!" Akakata kona kwenda bondeni.

Nilitabasamu. Nimeshawaambia.

Kilichofuata hakikuwa kishindo cha mtu kuanguka kwenye tope. Ilikuwa breki, kisha bati la madigadi kugonga jiwe, kisha ukelele mmoja mfupi, kisha maji tu.

Nilihesabu nikingoja atukane. Zai akianguka hutukana. Hakutukana. Hapo ndipo nilipogeuza baiskeli nikaanza kuteremka, tairi likiniteleza.

Kabla sijafika nikasikia sauti yake kutoka ndani ya ukungu. "Nani huyo? Simama hapo hapo! Usishuke! Daraja limeondoka! Nakwambia usishuke, utakufa!"

Alikuwa hajui ni nani. Amesikia cheni ya baiskeli tu. Nikabwaga baiskeli, nikashuka kwa matako nikishika majani. Nikamkuta ndani ya maji mpaka kiunoni, amekumbatia gogo moja lililobaki kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

"Ah, ni wewe shoga," akasema, meno yakigongana. "Nilikuwa nakuzuia usije ukaanguka na wewe."

Nilimtoa. Sijui nilimtoaje. Nilipiga kelele mpaka watu wa shule wakaja. Na nisiwadanganye kwamba hapo hapo chuki iliisha, kwamba nililia nikamsamehe. Haikuisha! Nilimwonea uchungu na bado namchukia, vyote kwa pamoja, mikono yangu ikinuka mkaratusi. Ile harufu niliinusa siku nzima pale hospitali, kwenye benchi. Niliosha mikono mara tatu.

Hapo bado nilikuwa na nafasi ya kusema.

Zai alipopata nguvu ya kuongea, jambo la kwanza alilosema mbele ya wafanyakazi wenzetu waliokuja kumwona ni hili. "Yule mzee kachanganyikiwa. Kaziba njia nzima, kaacha mbovu. Wamtoe kabla hajaua mtu." Na watu wakaitikia. Eti wao wenyewe walikuwa wameshaanza kuona dalili. Eti siku moja alisahau kofia. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda, nimeshika chupa ya uji, nikanyamaza.

Jioni ile niliporudi nilimkuta Mzee Breki pale njia panda, peke yake, baiskeli yake imelazwa chini. Matawi yalikuwa bado yako kwenye njia ya juu, pale pale nilipoyaweka. Watu wote waliopita walikuwa wameyaona. Alikuwa anayatazama. Ananyoosha kidole bondeni, halafu juu, halafu bondeni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu." Hakuinama kutazama breki zangu. "Hebu nisaidie. Mimi asubuhi nilikwenda mpaka kwenye maji. Nikaliona daraja halipo. Nikarudi nikakata haya. Sasa mbona nimeyaweka huku?"

Nilikuwa umbali wa hatua mbili kutoka kwake. Nilichosema ni, "Labda ni baridi, Mzee. Baridi inachanganya."

Ole wangu! Hiyo ndiyo dhambi yangu kubwa, ndugu zangu. Ile ya asubuhi ilikuwa ya hasira. Hii ya jioni niliifanya nimetulia.

Wiki ile ile akarudisha funguo mwenyewe, hata hakusubiri kuambiwa. Akamwambia bosi, "Mpe mwenye kichwa kizima." Baiskeli akaitundika ukutani jikoni kwake. Siku hizi hatoki bila mtu. Mke wake aliniambia, huku anafuta macho kwa ncha ya khanga, kuwa mzee anamuuliza kila siku, "Hivi nimeshaswali adhuhuri, au bado?" Ameshaswali, mkeka bado uko chini, na anauliza.

Mkono wa Zai uliunganishwa, lakini haukunyooka. Cherehani haiwezi tena, amehamishiwa kufunga mizigo. Na mnadhani wamempa jina? Hawajampa. Mimi bado ndiye Stendi.

Mpaka leo hajaniomba radhi kwa aliyoyasema. Na mimi sijamwomba radhi. Kuna siku nikimwona anang'ang'ana na kamba ya mzigo kwa mkono mmoja, moyo unaniambia, alitaka mwenyewe. Halafu nasikia ile sauti kwenye ukungu, usishuke, utakufa, na moyo unanyamaza.

Sasa mimi ndiye ninayetangulia asubuhi. Nakagua njia zote mbili, nakata matawi, nayalaza. Hayana kazi. Kila anayekuja nyuma anateremka anakwenda kukagua mwenyewe, na wote tunachelewa.

Ijumaa iliyopita nilishindwa. Nilikwenda nyumbani kwa Mzee baada ya swala. Nilimkuta anapukuchua mahindi, nikapiga magoti pale pale kwenye maganda.

"Mzee, yale matawi niliyahamisha mimi. Wewe uliyaweka bondeni. Uliweka sawasawa. Mimi ndiye niliyeyabeba nikayapeleka juu, kwa sababu ya ugomvi wangu na Zai."

Nilingoja anipige. Nilitamani anipige! Akaweka mkono wake wenye vumbi la mahindi kichwani kwangu.

"Mwanangu, una moyo mzuri sana. Lakini usijibebeshe mzigo wangu."

"Mzee, wallahi ni mimi!"

"Usiape," akasema, amenishika bega. "Usiape uongo kwa ajili yangu, utapata dhambi. Wewe ndiye uliyemtoa yule binti majini. Mtu wa kufanya hivyo hawezi kufanya hayo unayosema." Halafu akamgeukia mkewe akamuuliza kama ameshanikaribisha maji, wakati kikombe nilikuwa nimekishika mkononi.

Ndiyo maana naandika hapa. Ninyi mnaonisoma, kama mtu amekuumiza, mfuate yeye. Mwambie usoni. Mtukane, mnyime salamu mwaka mzima, mshitaki kwa wakubwa wake. Lakini usiguse kitu ambacho watu wote wanakiamini ili kumkomoa mtu mmoja. Mimi nilidhani naharibu asubuhi ya Zai, kumbe nilikuwa nachezea kichwa cha mzee wa watu.

Na kama huku mlimani kuna anayemjua mzee mmoja aliyekuwa anakagua breki za kila mtu, naomba amsomee haya kwa sauti, taratibu, mara mbili. Mimi ameshakataa kuniamini. Labda akisikia yameandikwa ataamini. Mwambieni kwamba Alhamisi ile alikata matawi matatu ya mkaratusi, akayalaza njia ya bondeni, majani yakitazama wanaokuja. Mwambieni kichwa chake ni kizima. Mwambieni adhuhuri ameshaswali.